Muwasho wa Ukurutu: Tuogope Krimu au Tuogope Kukuna?

Msimu wa kubangua korosho, mikono ya wengi Newala, Tandahimba na Masasi, mkoani Mtwara, huwasha. Mafuta ya ganda la korosho yana asidi ya anakadi na kadoli, ambazo huunguza ngozi na kwa baadhi ya watu huleta mzio. Mwenye ukurutu (ekzema) tangu utotoni ndiye anayeteseka zaidi. Akienda duka la dawa atapewa vidonge vya mzio vya Piriton au krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, na akirudi nyumbani ataambiwa krimu hiyo itamwozesha.

Wanaoziogopa krimu hizi wana hoja. Klobetasoli, steroidi kali sana, ikipakwa miezi mfululizo bila usimamizi hukondesha ngozi, huacha michirizi na huficha fangasi. Wako hata wanaoipaka usoni ili wang'ae! Na wengine wakiiacha ghafla, ngozi huwaka kuliko mwanzo.

Ila hofu hiyo inasahau neva. Katika ukurutu, seli za kinga hutoa kemikali kama IL-4, IL-13 na IL-31, zinazofika moja kwa moja kwenye neva za ngozi na kuziamsha. Mgonjwa anakuna, ngozi inachubuka, uvimbe unaongezeka, na nyuzi za neva huweza kuongezeka karibu na uso wa ngozi. Kisha hata jasho au shati zito linatosha kumkosesha usingizi. Piriton haisaidii sana hapa, kwa sababu inazuia histamini, kemikali ya mzio, ambayo si chanzo kikuu cha muwasho huu. Inachomletea mgonjwa ni usingizi tu. Steroidi huzima uvimbe unaozichokoza neva. Takrolimasi, dawa ya kupaka isiyo steroidi, haikondeshi ngozi, lakini siku za mwanzo huunguza kwa sababu inazichokoza neva kabla ya kuzituliza, na asiyeelezwa hilo huitupa mapema. Dupilumab, sindano iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, huzuia kazi ya IL-4 na IL-13, ila kwa bei yake mbanguaji wetu hawezi hata kuiwazia.

Mimi naitetea krimu: yenye nguvu inayolingana na sehemu inayopakwa, kwa muda aliopanga mtabibu, pamoja na mafuta mazito ya kulainisha kila siku. Kuacha ngozi iwashe miaka kwa kuogopa dawa ni madhara pia, tena makubwa. Lakini mama anayepaka dawa usiku, kisha asubuhi akarudi kwenye maganda mikono mitupu hatapona. Wanaoajiri wabanguaji waziingize glavu kwenye hesabu ya msimu, pamoja na magunia.