Kopo la Mwaka 1967 na Mpwa Wangu Mwenye Haraka

Jumamosi ya tatu ya mwezi Agosti, kama ilivyo desturi tangu 1995 ukiacha mwaka wa korona, barabara ya Woodward inayotoka Detroit kuelekea Pontiac ilifurika magari ya zamani, na mimi, mtoto wa Tanga niliyekuja Michigan kutafuta riziki, nilikuwa nyuma ya usukani wa Mustang, gari la Ford, ya mwaka 1967 ambayo si yangu. Ni mali ya jirani yangu, mzee aliyestaafu kiwanda cha magari, ambaye goti lake limekataa kukanyaga klachi, na ambaye alinikabidhi ufunguo baada ya kunihoji kwa muda mrefu kuliko walivyonihoji watu wa leseni. Jioni, nilipolirudisha nikiwa nimelowa jasho na nikinuka petroli, mpwa wangu alikuwa ameegemea Mustang yake ya 2018. Akalitazama gari la mzee kuanzia taa za mbele hadi eksozi, akasema: "Shikamoo, Mjomba. Hivi hilo kopo bado linatembea?"

Salamu ilitangulia, kwa hiyo siwezi kusema kijana hana adabu. Hata hivyo neno hilo lilinikaa rohoni wiki nzima, na kwa kuwa nilishindwa kumjibu papo hapo, namjibu hapa.

Nianze kwa kumpa haki yake, ingawa meno yananiuma. Kwa hesabu, hakuna mashindano. Gari lake lina injini ya lita 5 yenye nguvu za farasi 460 na giaboksi ya otomatiki yenye gia 10, na waliolitengeneza walitangaza kwamba linatoka kusimama hadi maili 60 kwa saa kabla sekunde 4 hazijatimia. Gari la mzee lina injini ya lita 6.4 na gia 4 za kubadilisha kwa mkono, na karatasi za mwaka ule zinadai nguvu za farasi 320. Nasema zinadai kwa sababu farasi wa enzi hizo walihesabiwa kwa ukarimu mno: injini iliwekwa peke yake juu ya meza ya kupimia, bila eksozi ya kawaida, bila kichujio cha hewa, bila mzigo wa vile vifaa vyote inavyovizungusha ikiwa ndani ya gari. Ilipofika 1972, viwanda vya Marekani vikahamia kwenye kipimo cha ukweli, na siri ikafichuka. Chevelle, gari la Chevrolet, ya 1971 yenye injini kubwa ya lita 7.4 iliandikwa farasi 365 kwa kipimo cha zamani na 285 kwa kipimo kipya, injini ikiwa ni ile ile. Kwa hiyo wale farasi 320 wa jirani yangu, wengine hawakuwahi kutoka zizini. Camry ya silinda 6 ya mwaka 2018, gari ambalo watu hulitumia kupeleka watoto shule na kurudi na maziwa, ina farasi 301 waliohesabiwa bila hila.

(Kwa anayeshangaa niyaiteje magari haya kwa Kiswahili, nayaita magari ya misuli, yale Wamarekani wanayoyaita "muscle cars", nikiomba radhi kwa wazee wangu wa pwani ambao wakisikia msuli hufikiria ule wa kujifunga kiunoni ukishaoga. Najua pia kuna wabishi wanaosema Mustang si ya kundi hilo, kwamba kundi lilianza na Pontiac GTO ya 1964, pale John DeLorean, mhandisi wa Pontiac, na wenzake walipotia injini kubwa kwenye gari la kawaida. Wabishane wao. Anayeshika usukani hana nafasi ya mjadala huo.)

Kundi la pili linaloniudhi ni kubwa kuliko la mpwa wangu, nalo ni la wale wazee wanaokaa kwenye viti vya kukunja kando ya Woodward wakigonga maboneti na kusema, "Sikia chuma hicho, siku hizi hawatengenezi hivi." Alhamdulillahi hawatengenezi hivi. Mustang ya 1967 haina kizuizi cha kichwa nyuma ya kiti, mkanda wake unapita kiunoni tu, na sehemu ya juu ya tangi la petroli ndiyo sakafu ya buti, maana yake mizigo yako unailaza juu ya tangi. Mwaka 2009 taasisi ya Marekani ya bima inayopima usalama wa barabarani iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka huo huo wa 2009, kila moja ikiwa katika maili 40 kwa saa. Hilo "chuma cha kweli" lilikunjika hadi usukani ukamfuata dereva wa plastiki kifuani, wakati yule wa kwenye Malibu angetoka na maumivu ya mguu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani zaidi ya 50,000 walikufa barabarani kila mwaka, na watu na magari yao walikuwa wachache kuliko sasa. Anayeniambia gari la kale ni imara, namwomba aseme imara kwa nani.

Basi nimekubali kwamba gari la mpwa lina kasi zaidi, usalama zaidi, breki bora, na kwa uchungu mkubwa naongeza kwamba linakula mafuta machache. Kilichobaki kwangu ni hoja moja, nayo siiachii: gari la kale hukupa utamu wake wote ndani ya sheria, ilhali la kisasa limeuweka utamu wake mahali ambapo huwezi kufika bila kuvunja sheria.

Hili si suala la roho wala kumbukumbu za ujana, kwa sababu mimi ujana wangu haukuwa na Mustang. Tulikuwa na Peugeot 404 ya baba, na hiyo ilitosha kutufanya tujione mabwana pale Ngamiani. Ni suala la jinsi injini zilivyotengenezwa. Injini ya 1967 hutoa msukumo wake mkubwa kabisa, ule unaokubandika mgongo kwenye kiti, ikiwa inazunguka mara 3,200 tu kwa dakika, na ikifika 4,800 imetoa nguvu zote alizoipa fundi wake. Injini ya mpwa husubiri mizunguko 4,600 ndipo itoe msukumo wake mkubwa, na wale farasi 460 hawatimii hadi ifike 7,000. Sasa jiulize ni lini, katika njia ya kwenda kazini, injini ya mpwa huzunguka mara 7,000. Ile ya mzee hufika 3,200 kila inapotoka kwenye taa.

Ngoja niwape dakika moja ya Woodward. Taa ni nyekundu. Boneti ndefu inatetemeka mbele yangu kama kifuniko cha sufuria ya maharage, na joto la injini linapenya kwenye ukuta hadi kwenye magoti. Klachi ni nzito kiasi kwamba ukingoja taa ndefu paja linaanza kuuma. Taa inageuka kijani, naachia klachi, pua ya gari inainuka, na mngurumo unaanza chini ya kiti na kupanda hadi kwenye meno. Naingiza gia ya pili; fimbo ni ndefu na safari yake ni ndefu vilevile, na inaingia kwa sauti ya komeo la mlango wa ghala. Usukani una ulegevu wa upana wa vidole vitatu kabla magurudumu hayajasikia ulichosema, kwa hiyo hata barabara iliyonyooka inataka kurekebishwa kila wakati, kidogo kulia, kidogo kushoto. Mbele mtu anapunguza mwendo. Breki ni za ngoma magurudumu yote manne, kwa sababu aliyelinunua gari hili likiwa jipya hakutaka kulipia za diski, na zinashika kila moja kwa wakati wake, upande wa kulia kwanza, hivyo nakanyaga na kuurudisha usukani kushoto kwa mpigo mmoja. Moyo unadunda. Mikono imelowa. Najiona kama dereva wa mashindano ya Safari, nimeiacha Naivasha nyuma na vumbi limenifuata. Natupa jicho kwenye mshale wa mwendo.

Maili 38 kwa saa. Bibi mmoja kwenye gari dogo la umeme ananipita upande wa kushoto, anakula aiskrimu.

Sasa chukua gari la mpwa, barabara ile ile, mwendo ule ule. Kwenye maili 38 lile gari limelala. Giaboksi imeshapanda hadi gia za juu ili kuokoa mafuta, injini inanong'ona, usukani unatii kwa ncha ya kidole, na kompyuta inachunga magurudumu yasiteleze. Kazi hiyo ni ya lazima kisheria kwa magari yote madogo yanayouzwa Marekani tangu yale ya mwaka 2012, nami siipingi, maana imeokoa watu wengi. Lakini katika hali hiyo hakuna kinachokutofautisha na mwenye Camry ila mkopo wa benki. Ukitaka kujua kwamba umenunua farasi 460 ni lazima ukandamize mguu, na ukikandamiza, kabla hujamaliza kusema Bismillahi umeshapita kikomo cha mwendo, na sekunde mbili baadaye umepita kile ambacho hakimu atakusamehe. Mpwa wangu ana faini mbili za mwendo kasi ndani ya miezi kumi na minane, na bima yake ya mwezi sitaitaja kwa sababu mama yake husoma ninachoandika. Tangu alinunue lile gari, nguvu zake zote amezionja kwa jumla ya dakika chache, zote akichungulia kioo cha nyuma. Amefuga simba kwenye chumba cha kupanga, na kila siku anamlisha akimwomba asingurume.

Na watengenezaji wanalijua jambo hili, ndiyo maana wanaongeza vikorombwezo. Mustang ya silinda 4 ya mwaka 2015 ililetewa sauti ya injini kupitia spika, kama muadhini wa kaseti. Injini ya Mustang ya 2024 inaweza kungurumishwa kwa kubonyeza ufunguo ukiwa umesimama nje, burudani kwa asiyetaka hata kukaa ndani. Charger ya umeme ya Dodge ina eksozi ya bandia, na hilo naliacha kwa heshima ya marehemu. Kwa upande mwingine nalisifu gari la mpwa kwa jambo moja: linaweza kupangiwa saa za kuwaka kwa sauti ya chini lisiwaamshe majirani. Gari la mzee likiwashwa alfajiri, mtaa mzima unajua kwamba yu hai.

Jumapili iliyofuata nilimwomba mzee ruhusa, nikamkabidhi mpwa ufunguo. Kwanza hakuweza kuliwasha. Alitafuta kitufe cha kubonyeza, kisha akakanyaga pedeli ya mafuta mara sita mfululizo, kabureta ikafurika, harufu ya petroli ikajaa barazani, na ikabidi tusubiri robo saa. Nilimweleza alichonifundisha marehemu baba kwenye ile Peugeot: kabureta haina kompyuta ya kukusamehe, lilizoe gari lako, ujue asubuhi ya baridi linataka nini na likiwa limechemka linataka nini, na ukilipa mafuta mengi kuliko linavyotaka, kaa chini ungoje. Alinisikiliza huku akitazama saa.

Hatimaye likawaka, tukazunguka maili nne. Alilizima mara mbili kwenye taa. Kwenye kona ya kwanza aligeuza usukani kama anavyogeuza wa kwake, gari likaendelea moja kwa moja hadi tukakwaruza ukingo wa barabara kwa tairi la mbele, nami nikamsomea Ayatul Kursiyyu kimoyomoyo. Alipolirudisha kwa mzee, fulana yake ilikuwa imeshikana na mgongo. Nilingoja aseme kitu.

"Mjomba, lile gari halina breki."

"Zipo. Zinataka taarifa mapema."

"Na hatukuvuka hata maili 40."

"Hukuvuka, ndiyo. Ulichoka?"

Hakujibu. Alifungua mlango wa gari lake, akanikaribisha anirudishe kwangu kwa njia ya barabara kuu. Kiti kilinikumbatia kama cha saluni, kiyoyozi kikanipuliza usoni, na vioo vilipopanda, Michigan yote ikanyamaza. Nakumbuka alikuwa akinieleza habari za mpangilio fulani wa kompyuta ambao hulifanya gari liwe kali zaidi, akanionyesha rangi za dashibodi zikibadilika. Tulipoingia barabara kuu tulikuwa maili 70 kwa saa, nyuma ya farasi 460, na nilikuwa nimeshalala usingizi mzito. Aliniamsha mlangoni kwangu.