Reli ya Choshi Isiachiwe Kuishi kwa Biskuti

Mjini Choshi, mashariki kabisa mwa mkoa wa Chiba nchini Japani, kuna kampuni ya reli yenye njia moja tu ya kilomita 6.4 na stesheni 10, ambayo kwa miaka kadhaa treni zake nyingi zilikuwa za mtumba wa mikono miwili: zilianza kazi Tokyo, zikauzwa Matsuyama, mji wa magharibi mwa Japani, na zilipozeeka huko ndipo zikaletwa Choshi. Njia hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1923, hupita katikati ya mashamba ya kabichi hadi karibu na bandari ya wavuvi ya Tokawa.

Kinachoilisha kampuni hii si nauli. Tangu mwaka 1995 inauza nure-senbei, biskuti za mchele zinazotoswa kwenye sosi ya soya mara tu zinapotoka motoni, zikanywea hadi zikawa laini na za kunata, zisizovunjika kwa kishindo kama senbei za kawaida. Choshi ni mji wa sosi ya soya tangu enzi za mababu, kwa hiyo bidhaa hiyo ina asili yake pale pale.

Mwaka 2006 mambo yaliharibika. Kiongozi wa zamani wa kampuni alikuwa amekopa fedha kwa jina la kampuni na kuzifuja, ruzuku zikasitishwa, na ukaguzi wa lazima wa treni ukawadia wakati sanduku ni tupu. Wafanyakazi waliandika ombi kwenye tovuti yao, wakisema waziwazi kwamba wanahitaji fedha za kutengeneza treni, na wakawasihi watu wanunue biskuti. Maagizo yalimiminika kutoka kila pembe ya Japani hadi uzalishaji ukazidiwa. Naliheshimu sana ombi lile, kwa kuwa halikupamba wala kuficha, na aliyetoa fedha yake alipata kitu cha kula mkononi.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaoitaja Choshi kama ushahidi kwamba reli ndogo ikijituma itajitegemea yenyewe. Ni kweli kwamba serikali kuu, mkoa na mji husaidia gharama za ukarabati, lakini hasara ya kila siku hufidiwa na vitafunwa, na mwaka 2018 kampuni ilitoa kingine kilichoitwa Mazui-bo, jina linalocheza na neno lenye maana ya ladha mbaya na pia hali mbaya, yaani hali ya mfuko wake. Barabara za mji huo huo hazijawahi kuambiwa zijitafutie riziki. Mwanafunzi anayekwenda shule na mzee asiyeendesha tena gari wanaitegemea reli kama wengine wanavyoitegemea lami, na sioni sababu ya safari zao kusubiri mauzo ya msimu wa watalii wanaokwenda kutazama mnara wa taa wa Inubosaki.

Treni ilipoacha reli mwezi Januari 2014, fedha za kuitengeneza hazikuwepo, na wanafunzi wa sekondari ya biashara ya Choshi ndio waliochangisha kupitia intaneti hadi treni ikarudi kazini mwaka 2015. Watoto wale walitenda jambo jema kabisa. Ila gharama ya treni inayowapeleka shule ilikuwa ya watu wazima kulipa.