AC ya Mama Mkwe

Kaimati ikishikwa na shira ikakauka vizuri, huviringika kama gololi. Mimi si mpishi, lakini jambo hili nalijua kwa ushahidi wa macho, na nusu ya watu wa Buxton, hapa Mombasa, wanalijua pia.

Tuanze na gari.

Tangu utotoni nilikuwa nikitamani Pijo. Sisemi gari, nasema Pijo: Peugeot 504, lile lililotoka Ufaransa mwaka 1968, likaja huku likawa mwananchi. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975, likashinda tena 1978, na liliendelea kuunganishwa Kenya hadi mwaka 2004, wakati huko kwao walishaliacha zamani. Marehemu babu yangu alikuwa akisema Pijo haliharibiki, huchoka tu.

Langu nililikuta Mtwapa limechoka chini ya mkungu, likitazamana na upepo wa bahari kwa miaka kumi na mmoja. Namba yake ni ya zamani, ya kabla ya zile zinazoanza na KAA. Ndani ya buti alikuwa amelalia kuku. Mwenye gari akalipiga boneti kofi la upole, kama mtu anayeuza ng'ombe, akaniambia, "Injini nzima. Bodi ni ya kupiga msasa tu."

Msasa tu! Nikatoa shilingi 40,000. Kuku alibaki na wenyewe. Mayai mawili niliyagundua baadaye chini ya gurudumu la spea, kwa kunusa.

Ndugu zangu, Mombasa si mahali pa chuma. Chuma kikipata maji na hewa hushika kutu popote, ila hewa yetu ina chumvi, na chumvi ikiyeyuka kwenye unyevu huifanya kazi hiyo iende mbio. Mtu wa Nairobi akiacha gari nje miaka kumi na mmoja hulikuta na vumbi. Wewe wa pwani unakuta matundu. Tena kutu haipigi hodi. Maji ya mvua hupenya kwenye mpira wa kioo cha mbele uliokauka, huteremka chini ya kapeti, hukaa huko kimya, na juu wewe unaona kapeti lako zuri umeridhika.

Nililivuta hadi nyumbani Tudor, nikaliegesha uani. Jumamosi ya kwanza nilichukua bisibisi nikagonga sakafu upande wa abiria, kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini, kama kisu kwenye mkate wa sinia. Nikainama chini ya gari. Ncha hiyo hapo, inanitazama.

Jambo ambalo mwenye gari hakunieleza ni kwamba Pijo halina chesesi. Si kama lori, ambalo bodi imekalia mifupa yake. Hapa bodi ndiyo mifupa. Kwa hiyo kutu niliyokuwa nikikwangua ndiyo gari lenyewe. Kufikia Jumamosi ya nne nilikuwa na ndoo mbili za unga mwekundu na gari jepesi.

Nilikuwa nikilifunika kwa shuka nyeupe usiku ili umande usiliongezee maradhi. Mke wangu akawa ananiuliza, "Yule maiti wako tutamzika lini?" Jirani naye, akipita kwenda msikitini, akawa ananipa pole kwa sauti ya chini.

Sikukata tamaa. Nilisoma kwamba ukitumbukiza chuma kwenye maji ya magadi, ukafunga waya wa hasi wa chaja ya betri kwenye chuma chako na wa chanya kwenye kipande cha chuma cha kutupa, kutu huachia yenyewe. Kweli huachia, bawaba za milango zilitoka nyeusi, safi kabisa. Ila magadi yale yalikuwa ya mke wangu ya kulainishia kunde, na ndoo ilikuwa ya kufulia. Kuhusu zile bolti nilizoziloweka kwenye ukwaju sitasema mengi. Mpaka leo akinimiminia sharubati hunionesha kwanza chini ya gilasi.

Sasa ile sakafu. Nilimwita fundi wa mageti, kwa sababu alikuwa jirani na kwa sababu alikuwa rahisi. Kumbe geti ni geti na bati la gari ni bati la gari. Bati la bodi ni jembamba, kiasi cha milimita moja au pungufu. Kila alipogusa kwa ule waya wake wa kuchomelea mageti, tundu la ukubwa wa harage likawa la ukubwa wa embe. Aligusa mara tano. Kisha akazima mashine, akavua miwani, akanitazama kwa huruma.

"Mzee, hapa hakuna pa kushika," akasema. "Nachomelea hewa."

Alinishauri nimtafute fundi wa bodi, sakafu ikatwe yote, ikunjwe mpya. Ushauri mzuri. Lakini Ramadhani ilikuwa mlangoni na mfuko ulikuwa na kutu kuliko gari. Uani palikuwa na vipande vya mabati vilivyobaki tulipoezeka jiko. Nikavinyoosha migongo kwa nyundo, nikavikata, nikavibana kwa riveti, nikapaka fila kwenye kingo, nikapiga rangi nyeusi, nikatandika kapeti, na juu ya kapeti mkeka. Kwa macho, ilikuwa sakafu.

Injini sitaieleza. Iliwaka. Katika yote aliyosema yule bwana wa Mtwapa, hilo peke yake lilikuwa kweli.

Mwezi kumi na tano Ramadhani, shemeji yangu wa Kongowea alitualika futari. Mke wangu alitangulia asubuhi kwenda kusaidia jikoni. Mama mkwe, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, alibaki kumalizia kaimati. Mia na hamsini: watu thalathini, tano tano. Alizihesabu mwenyewe na asingekubali iliwe ya sita. Alasiri akatoka kutafuta tuktuk, dereva akamtajia bei iliyomfanya asome istighfari. Ndipo nikamwona amesimama langoni kwangu na beseni.

"Baba," akasema, "hilo gari lako laenda?"

Muelewe kwamba mama mkwe, kwa miezi minane, alikuwa hajalisemea Pijo langu neno lolote isipokuwa "Mungu akupe subira." Nilifungua mlango kama dereva wa rais.

Mama mkwe ni mtu wa kushiba. Ni wa zile enzi ambazo mtu akikaa, kiti kinajua. Alipokaa, nilisikia sauti ndogo chini, *tik*, nikaipuuza. Beseni nililiweka sakafuni nyuma ya kiti chake, nikalifunika kawa. Saa kumi na mbili kasorobo tukaondoka, mwendo wa kinyonga, gia za usukani zikiingia laini kama zilizopakwa samli.

Tulipoingia Tom Mboya Avenue, mama mkwe alinyamaza kidogo, akajitengeneza buibui.

"Baba, kumbe gari hili lina AC?"

Pijo langu halina AC. Halijawahi kuwa nayo.

"Lina, mama," nikasema. Nilikuwa nimefunga, na bado nikasema.

"Mbona yaja miguuni?"

"Za Kifaransa huanzia miguuni, mama."

"Mashaallah," akasema, akanyoosha miguu.

Basi hapo moyo wangu ulivimba. Miezi minane ya kuitwa mwenye maiti, na leo nasikia mashaallah. Na si yeye tu. Kufika Buxton, watu wote barabarani walikuwa wakitutazama. Makanga mmoja alikuwa amening'inia mlangoni akapiga bati la matatu kwa kiganja, akatuonyeshea kidole. Nikampungia. Wauza maji wakacheka na kuruka-ruka. Nikapiga honi. Watoto watano wakatoka mbio nyuma yetu wakipiga kelele za furaha, halafu wakawa kumi.

"Watu wakupenda," mama mkwe akasema.

"Ni gari, mama. Hawajaona Pijo siku nyingi."

Juu ya Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 na ambalo kwa imani yangu lilikuwa halijapitiwa na gari zuri hivi kwa miaka, nilitupa jicho kwenye kioo cha pembeni. Nyuma yetu palikuwa na wingu jeusi. Nikadhani mvua. Nikatazama tena: ni kunguru. Wageni wa Mombasa hawajui kunguru wetu. Sisi tunajua kwamba wakikufuata, una kitu. Mimi sikujiuliza nina kitu gani. Nilidhani nao wamelipenda gari.

Kijana wa bodaboda akatufikia, akaja sambamba na dirisha langu. "Mzee! Wamwaga!"

Pijo la umri ule lisipomwaga oili, ujue imekwisha. Nikamwambia, "Najua! Kawaida yake!"

"Mzee, wamwaga sana!"

"Nitaongeza nikifika!"

Akanitazama kama mtu mwenye swali, akaliacha, akarudi nyuma.

Tukakata kuingia mtaani Kongowea, na hapo pana tuta. Si tuta la serikali. Ni yale ambayo wananchi hujijengea wenyewe kwa hasira. Magurudumu ya mbele yalipanda, yakashuka salama. Nikasema alhamdulillahi. Ndipo riveti zilipoanza: *pa, pa, papa, pa*, kama bisi kwenye sufuria.

Mama mkwe hakuanguka. Alishuka, kama mtu aliye ndani ya lifti. Bega lake lilikuwa sambamba na langu. Likawa sambamba na kiwiko changu. Mara namwona utosi. Nikakanyaga breki. Gari likasimama limelikumbatia tuta, magurudumu mawili huku na mawili kule, na kiti cha mama mkwe kikatua juu ya tuta lenyewe, taratibu, bila mshindo.

Kimya. Kunguru mmoja akatua kwenye boneti.

"Baba," sauti ikaja kutoka chini.

"Naam, mama."

"Hiyo AC. Hebu ipunguze."

Watu wakajaa. Nilizunguka nikafungua mlango wake, nikainama, nikaanza kuomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono mmoja. Akakusanya buibui lake, akasimama. Nawaapia, mama mkwe alisimama barabarani, miguu miwili kwenye lami, hali bado yumo ndani ya gari, kichwa karibu na dari, na mkoba wake kwapani. Kisha akauinua mguu mmoja, akauvuka ukingo wa mlango, akauvuta wa pili, akatoka kama mtu anayeshuka mashuani. Hakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kiatu cha kushoto tu ndicho kilichobaki chini ya gari, na mtoto mmoja akakitambalia.

Vijana walikitoa kile kiti, wakakiweka kando ya barabara, wakamkalisha. Ndipo nilipokumbuka beseni.

Lilikuwa limelala ubavu, limechungulia kwenye tundu lililokuwa pana kuliko mlango wa banda la kuku. Kawa lilikuwepo. Kaimati zilikuwa kumi na moja.

Yule kijana wa bodaboda alikuwa ameshafika, amezima pikipiki. "Mzee," akasema kwa upole, "tangu Buxton nafuata shira. Nikakwambia wamwaga. Oili gani ya mviringo?"

Mama mkwe alinitazama, akalitazama beseni, akaitazama njia tuliyotoka nayo, ambako kunguru walikuwa wametulia kwa mstari mmoja mrefu kama wanaosubiri hotuba. Nadhani alikuwa anapiga hesabu: mia na thelathini na tisa. Midomo ilikuwa inataka kusema neno, na mimi nilikuwa tayari kulipokea. Ndipo ikaadhiniwa magharibi.

Muuza duka wa jirani akaleta tende na maji kwenye jagi. Mama mkwe, kwenye kiti cha Pijo kando ya barabara ya Kongowea, akafungua saumu yake, kisha akaanza kuzigawa zile kumi na moja. Vijana saba walioinua kiti, moja moja. Mtoto wa kiatu, moja. Muuza duka, moja. Kijana wa bodaboda, mbili.

Nilinyoosha mkono. Beseni lilikuwa tupu.

Tulimalizia safari kwa tuktuk. Dereva alitaja bei ya hapo tulipo hadi kwa shemeji, nyumba nane mbele, sawasawa na ile ya kutoka Tudor, na sikubishana.

Baada ya Idi nilimtafuta fundi wa bodi. Sakafu ikakatwa yote, akakunja bati jipya, akachomelea kwa mashine ya gesi, akapaka dawa ya kutu juu na chini, akanitoza karibu bei ya gari. Sasa unaweza kurukaruka mle ndani. Maji hayaingii, vumbi haliingii, hata sauti ya barabara huisikii.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama mkwe Kongowea tena. Alikaa, akanyoosha miguu, akangoja. Kufika Buxton akatoa kipepeo mkobani, akaanza kujipepea, jasho likimtiririka.

"Baba," akasema, "gari hili lilikuwa zuri kabla hujalitengeneza."