Sumu Mtoni kwa Ajili ya Trauti wa Colorado

Kumwaga sumu katika kijito cha milimani ili kumwokoa samaki wa asili wa maji baridi, trauti wa mgongo wa kijani, ni jambo ambalo wengi hulikataa mara tu walisikiapo, na wanaolikataa katika jimbo la Colorado, Marekani, wana hoja. Rotenoni, ndiyo sumu yenyewe, itokanayo na mizizi ya mimea ya jamii moja na utupa wanaoufahamu wavuvi wetu, haichagui: huua trauti wageni walioletwa kutoka mashariki mwa nchi, na wadudu wengi wa majini pamoja nao. Isitoshe, kwa miaka mingi vijito vilipandwa samaki aliyeaminika kuwa trauti wa mgongo wa kijani, hadi wataalamu wa vinasaba walipoonyesha kwamba wengi wao walikuwa ukoo mwingine, wenye asili ya magharibi mwa milima ya Rocky. Mvuvi aliyekatazwa kutupa ndoano kwa sababu hiyo ana haki ya kununa.

Hata hivyo, kuna hesabu moja isiyozungumzwa vya kutosha. Utafiti wa 2012, uliolinganisha samaki hai na vielelezo vya kale vya makumbusho, ulibaini kwamba trauti halisi wa mgongo wa kijani, mwenyeji wa bonde la mto South Platte, alikuwa amesalia katika kijito kimoja tu, Bear Creek, ambacho nacho kimo nje ya bonde lake. Yaelekea alipelekwa huko na mwenye hoteli mmoja katika karne ya 19. Walikadiriwa kuwa 750 hivi, katika kilomita chache za maji membamba. Moto mmoja wa msitu, kisha mvua ya kuteremsha majivu, ungeweza kuumaliza ukoo mzima, ukoo ambao tayari umedhoofishwa na kuzaliana ndugu kwa ndugu.

Wapo wanaouliza kwa nini wageni wasiondolewe kwa nyavu. Nyavu hupunguza tu. Nao wageni wanaobaki humshinda mwenyeji, kwani hutaga majira ya majani kupukutika, hivyo vifaranga vyao huwa vimekwisha kukua pale vya mwenyeji, anayetaga majira ya kuchipua, vinapoanza kutafuta chakula. Rotenoni huvunjika kwa jua na joto, kemikali ya pamanganeti ya potasiamu huizima upande wa chini wa mkondo, na wadudu wengi hurejea.

Mwaka 2022 idara ya wanyamapori ya jimbo ilitangaza kwamba trauti waliopandwa katika kijito cha Herman Gulch, baada ya wageni kuondolewa, wanazaliana wenyewe. Lawama inayostahili, kwa maoni yangu, ni ya kupanda samaki kabla ya kuwa na hakika ya ukoo wake, wala si ya sumu.