Mzungu Mwenye Ndege Kichwani

Ukimsikia mtu wa Ngamiani, hapa Tanga, akiniita Mvuvi, usidhani nina ngalawa. Kuogelea kwenyewe sijui, na dagaa nanunua sokoni kama wenzangu. Jina hilo nililipata msikitini, saa kumi alfajiri, nikiwa nimelala kifudifudi barazani na mshipi mkononi, siku moja tu baada ya arobaini ya mwalimu wangu.

Mwalimu wangu huyo hakufundisha shule yoyote. Alikuwa mstaafu wa reli, na sisi vijana wachache wenye wazimu wa sarafu za kale tulimwita Babu, basi. Kila Jumapili asubuhi alikaa barazani kwake na kopo la biskuti, lenzi yenye ufa, na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Ukifunguliwa kopo lile unaiona pwani nzima imelala humo. Kulikuwa na pesa za shaba za kampuni ya Wajerumani, upande mmoja tai, upande wa pili Kiarabu na mwaka 1307. "Wa Hijria huo, mwanangu, kwa Miladia ni kama 1890. Usije ukamwambia mtu hii ni ya Washirazi wa kale wa magofu ya Tongoni." Sitini na nne kama hizo zilifanya rupia moja, mpaka 1904 Mjerumani alipochoka na hesabu hiyo akaleta heller, mia kwa rupia.

"Ndiyo hela hiyohiyo unayonikopa kila mwisho wa mwezi," Babu aliniambia. "Ila hii ninayo, na ile hujairudisha."

Nilivyoingia chuo chake ni aibu nyingine. Nilikuwa nimeuza baiskeli (na mtu wa Tanga asiye na baiskeli ni nusu mtu) ili ninunue riali ya fedha yenye sura ya mama mnene na mwaka 1780. Miaka zaidi ya mia mbili! Nilishamwambia mke wangu aanze kuchagua rangi ya vigae. Babu akaipokea, akaishika ukingoni kwa vidole viwili, akaigonga kwenye jiwe la mlangoni, akatega sikio. "Fedha kweli," akasema. Moyo ukanipaa. Kisha akaingia ndani, akatoka na nyingine tatu. Zote 1780. Mama yule ni Maria Theresa wa Austria, alikufa mwaka huo, lakini riali zake ziliendelea kuchapwa kwa mwaka uleule miaka nenda rudi, kwa kuwa wafanyabiashara wa Uarabuni na wa mwambao huu walishazizoea na hawakutaka sura nyingine.

"Huyu mama hazeeki," Babu akasema, akanimiminia kahawa. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Ningerudi na nini?

Hakunicheka mbele za watu, na ndiyo maana nilirudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, miaka kumi na moja. Sarafu hatusafishi, hata iwe nyeusi kama chungu. Anayeuza bila kujua anachouza mwambie ukweli kabla hujataja bei. Niliwahi kumshuhudia akimpa muuza vyuma chakavu mara kumi ya alichoomba, na yule jamaa akakimbia akidhani mzee kachanganyikiwa. Na kabla ya yote, sumaku. "Chuma kinakuja kikiitwa," alikuwa akisema. "Fedha haiji. Fedha ina heshima zake."

Niliyasikia maneno hayo labda mara mia tatu. Yakumbuke wewe, maana mimi sikuyakumbuka.

Babu alipofariki, mwanawe aliniita akanipa bahasha. Ndani mlikuwa na rupia ya 1890, gramu kumi na moja na kitu za fedha, Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma, na juu ya kofia katua tai. Juu ya bahasha, kwa mwandiko wa Babu: "Apewe yule wa baiskeli." Nililia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena.

Siku ya arobaini nikaitia mfukoni mwa kanzu, nipate kuwaonyesha wajukuu zake. Mfuko huohuo nikatia sarafu ya mia tano kwa ajili ya sadaka. Najua, najua. Tulipomaliza hitma baada ya isha umeme ukakatika. Watu wakawa wanatoka kwa kupapasa, nami nikapapasa mfuko, nikashika sarafu kubwa nyeupe, nikaitumbukiza kwenye sanduku la barazani kwa bismillahi.

Nyumbani umeme uliporudi, mfukoni alikuwamo Mzee Karume na nyati wake. Kaisari hayupo.

Mtu mwenye akili angelala, asubuhi akamwendea imamu. Mimi niliona haya. Mwanafunzi wa Babu, miaka kumi na moja, ameshindwa kutofautisha rupia na mia tano? Habari ingefika Pangani kabla ya adhuhuri. Nikakumbuka kwamba mwanawe alinipa na sumaku ile ya spika. Nikaifunga kwenye mshipi wa jirani yangu anayevua kweli, na saa kumi nikawa barazani msikitini, tumbo chini, nikiteremsha sumaku kwenye tundu la sanduku.

Ta! Ikanasa. Nikavuta kwa upole. Kifaru wa hamsini. Nikamweka kando, nikateremsha tena. Swala wa mia. Tena. Nyati wa mia tano, na nyati mwenzake kamng'ang'ania. Nusu saa nzima nimevua mbuga ya wanyama, rundo limefika kwenye kiwiko, Mzungu hatokei, na bado kichwani hakijaniingia kwa nini. Nilidhani amekwama chini ya noti!

Mwanga wa tochi ukanipiga kisogoni.

"Weye! Wafanya nini hapo?"

Alikuwa muadhini, mzee wa makamo ya Babu na rafiki yake wa bao. Kwa hofu nikasema neno la kwanza lililonijia: "Shikamoo." Nilisema bila kuinuka.

"Marahaba. Wavua sadaka?"

"Hapana, mzee. Natafuta yangu. Hizi nilikuwa nitazirudisha."

Akalimulika rundo. Akaimulika sumaku. Akaitambua.

"Hiyo si ya marehemu?"

"Ndiyo. Natafuta rupia aliyoniachia, ya fedha."

Kimya kikapita. "Ya fedha," akarudia, polepole. "Na wewe umekuja na sumaku." Akaizima tochi, nadhani kwa kunisitiri, kisha nikamsikia gizani akicheka mpaka akakohoa. Adhana ya siku ile ilichelewa dakika nne, na sababu ni mimi.

Baada ya sala sanduku likafunguliwa mbele ya wazee. Mweka hazina akamwaga, akaanza kuhesabu, akasimama. "Nani ametutilia bati? Hii si pesa, ina Mzungu mwenye ndege kichwani." Akaitemea mate kidogo, akaanza kuisugua kwa kanzu.

"USISAFISHE!" Nilipiga kelele, ndani ya msikiti, mbele ya imamu. Watoto wa chuo wakachungulia dirishani.

Imamu alikuwa mpole. Akasema sadaka hufuata nia, na kama nia yangu ilikuwa mia tano, nitoe mia tano nichukue changu. Nikashusha pumzi. Ndipo akauliza, kwa udadisi tu, "Na kitu hiki chaweza kuwa na bei gani?"

Ulimi ulikuwa tayari kusema "kumbukumbu tu, sheikh." Lakini muadhini alikuwa ananitazama, na wazee wale walikuwa mfano hasa wa mtu mwenye kitu asichojua thamani yake. Nikataja bei ya kweli. Mweka hazina akaiweka rupia juu ya mkeka taratibu, kama yai.

"Na nia ya sumaku," imamu akauliza, "ilikuwa ipi?"

Sijui nilijibu nini. Najua kwamba kabla ya jua kupanda nilikuwa nimeahidi feni mbili za dari, nilizozilipa kwa miezi mitano, na moja ninaswali chini yake.

Siku nilipomaliza deni, mweka hazina aliniandikia stakabadhi, kwa umakini wote, na muhuri. Babu alitufundisha kwamba sarafu ya maana hutunzwa pamoja na karatasi zake, ajulikane nani alikuwa nayo na ilipitia wapi. Basi stakabadhi ile nimeikunja ndani ya bahasha ya "yule wa baiskeli", nyuma ya Kaisari. Inasomeka hivi: Imepokelewa kutoka kwa Mvuvi. Kwa ajili ya kumkomboa Mzungu mmoja.