Mbegu za Tunda Chotara: Si Kila Mti Una Jibu Moja

Wataalamu wengi wa kilimo huonya kwamba mbegu zilizotolewa kwenye tunda chotara hazifai kupandwa, kwa kuwa hazitazaa tunda kama lile zilikotoka. Onyo hilo lina msingi, ila limejumlisha mno.

Mbegu chotara za kizazi cha kwanza hupatikana kwa kuchavusha wazazi wawili ambao kila mmoja ameimarishwa sifa zake kwa vizazi kadhaa, ndiyo maana shamba zima hufanana. Katika kizazi cha pili, yaani miche ya mbegu zinazotoka ndani ya tunda la chotara huyo, jeni (vibeba sifa za urithi) hugawanyika upya, jambo ambalo mtafiti wa urithi Gregor Mendel alilieleza mwaka 1866 kutokana na majaribio yake ya njegere. Chotara akijichavusha, kila jozi ya jeni zinazotofautiana hubaki na mchanganyiko wake katika nusu tu ya miche. Kwa jozi 5 zinazorithiwa kila moja kivyake, ni mche 1 kati ya 32 utakaobaki na mchanganyiko wote. Ile nguvu ya ukuaji ambayo mkulima aliilipia hupungua pamoja nao.

Hata hivyo, kutofanana si lazima kuwe hasara. Kinga dhidi ya ugonjwa ikitokana na jeni moja yenye nguvu, kama ilivyo kwa baadhi ya nyanya, takriban robo tatu ya miche huirithi, na mwenye bustani ndogo hupoteza msimu mmoja tu akijaribu. Mpapai unahitaji uangalifu zaidi: ua la mti wenye jinsi mbili likifunikwa lijichavushe lenyewe, karibu theluthi mbili ya miche huwa na jinsi mbili na theluthi moja huwa majike, bila dume hata mmoja. Kwa hiyo hupandwa miche kadhaa katika shimo moja, kisha ile isiyotakiwa hung'olewa maua yanapojitokeza. Ukubwa na utamu wa mapapai utatofautiana, lakini mavuno yatakuwapo.

Kwa mparachichi nakubaliana na wanaokataza. Mche wa mbegu huweza kuchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa, na muda wote huo haujulikani utazaa nini. Ni kweli kwamba Hass, aina iliyopewa hataza Marekani mwaka 1935, ilitokana na mche wa mbegu uliopatikana kwa bahati, lakini miche iliyozaa matunda ya hovyo haikuandikwa popote. Mwenye nafasi ya miti miwili hana sababu ya kucheza bahati nasibu hiyo. Anunue mche uliobebeshwa.

Mchungwa ndio unaolivuruga onyo lenyewe. Asili yake ni chotara wa kale wa balungi kubwa na chenza, lakini mbegu zake kwa kawaida huzaa miti inayofanana na mama, kwa sababu viinitete (chanzo cha mche ndani ya mbegu) vingi ndani yake hutokana na tishu za mama peke yake. Baadhi ya maembe yako hivyohivyo: kokwa moja hutoa machipukizi mawili au matatu, na lile lililotokana na uchavushaji mara nyingi, si kila mara, ndilo dhaifu. Gharama yake ni subira, kwani mchungwa wa mbegu huchelewa kuzaa na huwa na miiba mingi.

Nisichokubali ni kuuza miche ya kizazi cha pili kwa jina la chotara wa kwanza. Anayejaribu shambani kwake hubeba hasara yake mwenyewe, ilhali mnunuzi wa miche hiyo huigundua miaka baadaye, ardhi ikiwa imeshakaliwa.