Bakteria wa karo hawauzwi kwa pakiti

Masika iliyopita mama mkwe alikuja kututembelea Mbagala, na siku ya pili tu karo la choo likafurika. Maji meusi yalitoka pembeni mwa mfuniko wa chemba, yakatambaa hadi karibu na mlango wa jikoni, na watoto wa jirani wakawa wanayaruka wakienda shule. Kwa mwenye nyumba, aibu ya namna hiyo haina mfano. Nilikuwa tayari kununua chochote. Akapita kijana na begi la pakiti za unga: humu ndani kuna bakteria, kaka, wanakula kinyesi chote, hutaita gari la majitaka tena.

Nilinunua nne. Kila wiki nikamimina moja kama nilivyoelekezwa. Mwezi ukaisha na maji yakaendelea kutoka vilevile.

Naandika haya kwa sababu pakiti hizo bado zinauzwa mtaani kwetu, na wanaozinunua ni watu ambao hela yao ina kazi nyingine. Kwamba bakteria ndio wanaosafisha majitaka ni kweli kabisa. Lakini gramu moja tu ya kinyesi cha binadamu ina bakteria wapatao bilioni 100. Kila anayeingia chooni anapeleka kwenye karo jeshi zima, tena wengi wao ni wa aina inayoishi pasipo hewa, ndiyo hali ya mle ndani. Kuwaongezea kijiko cha unga ni kumwaga kikombe cha maji baharini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Durban, walizijaribu dawa za namna hii kwenye vyoo vya shimo, na hawakuona zikipunguza kinyesi kuliko kinavyopungua chenyewe. EPA, idara ya mazingira ya Marekani, nayo inasema karo lililo zima halihitaji viongezo hivyo.

Ugonjwa wa karo langu niliujua siku fundi alipolifunua. Lilijengwa chumba kimoja badala ya viwili. Bomba la kutolea maji halikuwa na tii, kile kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T, kwa hiyo utando wa mafuta unaoelea juu ulikuwa ukipita moja kwa moja hadi shimo la kunyonyea na kuziba mchanga. Tope lilishajaa karibu robo tatu. Maji yaliyopaswa kutulia humo siku nzima au mbili yalikuwa yanapita kwa saa chache tu. Bakteria walikuwepo tele. Walichokosa ni muda na nafasi ya kufanya kazi.

Jambo hili lilishaonekana Uingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 1914, Edward Ardern na William Lockett walieleza majaribio yao ya majitaka ya Manchester. Walipuliza hewa kwenye chupa za majitaka mpaka yakasafika, kazi iliyochukua wiki kadhaa. Kisha wakafanya jambo jipya, maana kabla yao tope lilikuwa likitupwa: wakamwaga maji safi ya juu, tope wakalibakiza, wakajaza majitaka mapya. Wakarudia tena na tena, mpaka kazi ya wiki ikawa inakwisha ndani ya siku moja. Hawakununua kijidudu hata kimoja. Waliwatunza waliozaliwa humohumo, wakawapa hewa. Mitambo mingi mikubwa ya majitaka duniani hadi leo inafanya hivyohivyo.

Nyumbani hatuna mashine za kupuliza hewa, na umeme wetu tunaujua. Tunaloliweza ni kuacha kuwaua bakteria tulionao. Jiki kidogo ya kusugulia choo haiwadhuru sana. Chupa nzima kumiminwa kwenye shimo ili kukata harufu inawaua wengi. Mafuta ya kukaangia yafutwe kwa karatasi yaende kwenye taka. Taulo za kike na nepi zisiingie chooni hata siku moja, maana hakuna bakteria anayeziweza. Na gari likija kunyonya, hakuna haja ya kusugua kuta mpaka zing'ae.

Ila nisiwadanganye: karo zuri nalo halimalizi kazi. Tope linabaki chini, lakini maji yanayotoka bado yana vijidudu vya kuhara na kipindupindu, pia amonia. Mchanga wenye hewa una bakteria wengine, kina Nitrosomonas, wanaoigeuza amonia hiyo, na mwisho wake ni naitreti, kemikali yenye nitrojeni ambayo inasafiri na maji ya ardhini hadi visimani. Ndiyo maana naupenda sana mfumo wa kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeufanyia utafiti kwa miaka mingi. Maji yanapita taratibu katikati ya kokoto, bakteria wanajenga utando juu ya kila jiwe, mizizi inawasaidia. Hakuna mota wala bili.

Halmashauri zikitaka kutusaidia, zimtume mtu akague karo kabla halijafunikwa zege. Vyumba viwili, tii mbili, mfuniko unaofunguka. Ukaguzi wa nusu saa ungeniokolea aibu ya masika nzima. Na anayeuza unga wa bakteria adaiwe majibu ya vipimo kabla ya kuruhusiwa kuuza.

Mimi nimeshaligawa karo langu vyumba viwili na kufunga tii. Jumamosi fundi anarudi kuchimba kitanda cha matete, sakafu yake ya zege ili maji yasipenye chini. Mtu wa kwanza niliyemwonyesha mchoro alikuwa mama wa nyumba ya pili, kwa sababu kisima chake kiko hatua ishirini tu kutoka shimo langu. Nimemwomba maji yake ayachemshe kwanza.